ALMASI NAYO INA DARAJA LAKE

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya almasi. Huenda msomaji akauliza, Mpemba na almasi wapi na wapi?

Sisi wakulima wa karafuu tunajua maana ya daraja. Karafuu iliyochambuliwa makonyo na kukaukia juu ya jamvi haipati bei moja na ile iliyovundishwa na mvua. Tukifika kituoni, anachokiona mpimaji nasi tunakiona. Hiyo ndiyo kinga yetu.

Almasi nayo hupangwa kwa madaraja. Hutazamwa uzito, rangi, namna ilivyokatwa, na usafi. Usafi ni uchache wa dosari: vidoa, nyufa na mawingu yaliyomo ndani ya jiwe, pamoja na mikwaruzo ya juu. Mpimaji hutumia lenzi inayokuza mara 10. Kipimo cha taasisi ya GIA ya Marekani, kinachotumika sana duniani, kina madaraja 11. La juu kabisa ni la jiwe ambalo lenzi hiyo haioni dosari yoyote; la chini ni la jiwe lenye dosari za wazi, ambazo zaweza hata kulififisha. Kwa hiyo mawe mawili ya uzito mmoja yaweza kupishana sana kwa bei.

Hapo ndipo penye hatari. Mwaka 2017, Serikali ilizuia Dar es Salaam almasi za Mwadui zilizokuwa zikipelekwa nje. Nyaraka zilitaja thamani ya dola milioni 14.8, Serikali ikasema ni milioni 29.5. Kampuni ilikana kupunguza thamani. Mimi simhukumu mtu. Ninachouliza ni hiki: wananchi wangapi tungeweza kuyatazama mawe yale tukajua ukweli uko wapi? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maoni yangu ni kwamba Kituo cha Jemolojia kilichopo Arusha kifundishe vijana wengi zaidi, na wa Visiwani wasisahauliwe. Na wewe ndugu unayenunua pete ya almasi, usiridhike na mng'aro wa dukani. Dai cheti kinachotaja daraja lake. Anayepima peke yake ndiye anayepanga bei.

Mkulima wa Karafuu,
Wete, Pemba.