Ofa ya Ramos ilivyochacha mezani

Majadiliano ya mkataba kati ya beki Sergio Ramos na klabu yake ya Real Madrid yalimalizika Juni 2021 kwa bei ambayo hakuna upande uliokuwa umeitaja: sifuri. Klabu haikupata hata senti moja kwa kumwachia nahodha wake, na nahodha naye hakupata hata siku moja ya nyongeza. Mkataba uliisha Juni 30, kila mmoja akashika njia yake. Miaka imepita tangu hapo, lakini wenye kununua na kuuza wana sababu ya kuirudia habari hiyo, kwa kuwa yaliyoiharibu ni yale yale yanayoharibu mauzo ya mahindi au pango la duka: muda, umri wa mali, na ofa ambayo mwenyewe alidhani itaendelea kumsubiri.

Ramos hakuwa mchezaji wa kubahatisha. Alinunuliwa kutoka Sevilla mwaka 2005 akiwa na miaka 19, kwa Euro milioni 27 hivi, dau kubwa mno kwa beki wa siku hizo. Kwa miaka 16 alicheza mechi 671 na kufunga mabao 101, hesabu ambayo washambuliaji wengi wangeitamani. Alitwaa vikombe 22, vikiwemo vinne vya klabu bingwa ya Ulaya. Bao lake la kichwa la dakika ya 93 mjini Lisbon, Mei 2014, ndilo lililoinyang'anya Atletico Madrid kombe ambalo tayari walikuwa wameanza kulishangilia. Mtu wa namna hiyo anapokaa kwenye kiti cha majadiliano haombi. Anadai.

Na mwaka 2015 alidai akapata. Wakati huo alikuwa na miaka 29, mkataba wake ulikuwa na miaka miwili mbele, na Manchester United walikuwa wakimtaka waziwazi. Mnunuzi yupo mlangoni, mali bado imara, na klabu ina hofu ya kumpoteza. Agosti mwaka huo Madrid walimpa mkataba mpya mrefu. Hapo Ramos alijifunza kwamba ukikaza, Rais wa klabu, Florentino Perez, hatimaye hulegea. Funzo hilo lilikuwa sahihi kwa mwaka 2015. Kosa lilikuwa kulitumia tena baada ya miaka sita.

Safari ya pili Madrid walimpa nyongeza ya mwaka mmoja, na mshahara upunguzwe kwa asilimia 10. Ramos alitaka miaka miwili. Alieleza baadaye kwamba fedha haikuwa tatizo, bali alitaka utulivu wake na wa familia yake. Mazungumzo yalivutana kwa miezi, kila upande ukingoja mwenzake apepese macho. Mwishowe Ramos akarudi na kusema basi, nauchukua huo mwaka mmoja na punguzo lake. Akajibiwa kwamba ofa ilikuwa na tarehe ya mwisho na tarehe hiyo imekwisha pita. Ndivyo alivyowaeleza waandishi wa habari siku ya kuaga, Juni 17, 2021, na akaongeza kwamba hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ofa ile ina tarehe.

Hapo ndipo mabishano yalipo, na wapenzi wa kandanda walipasuka pande mbili. Lakini kwa jicho la soko mambo mawili yanapaswa kutenganishwa: bei, na namna ya kuitoa.

Kuhusu bei, Madrid walikuwa sahihi. Ramos alitimiza miaka 35 Machi 2021. Msimu ule aliandamwa na maumivu, Februari akafanyiwa upasuaji wa goti, na mpaka ligi inakwisha alikuwa amecheza mechi 21 tu katika mashindano yote. Klabu ilikuwa na utaratibu uliojulikana wa kuwapa wachezaji waliovuka miaka 30 nyongeza ya mwaka mmoja mmoja. Na kulikuwa na janga la Corona. Viwanja vilikuwa vitupu, mapato ya milangoni yalikauka, na Real Madrid, moja ya klabu zenye mapato makubwa kabisa duniani, ilifunga hesabu za mwaka 2020/21 kwa faida isiyofika Euro milioni moja. Mwenye duka aliyebakiza faida ya kiasi hicho baada ya kuzungusha mamia ya mamilioni hamwongezei mtu mkataba wa miaka miwili kwa sababu ya mabao ya zamani.

Asiyeamini amtazame Luka Modric. Kiungo huyo ni mkubwa kwa Ramos kwa miezi zaidi ya sita, maana alizaliwa Septemba 1985. Klabu ile ile ilimpa nyongeza ya mwaka mmoja, naye akasaini Mei 2021, wiki chache kabla Ramos hajaaga. Mwaka uliofuata akasaini mwingine, na mwingine, na mwingine. Aliondoka mwaka 2025 kwenda AC Milan akiwa amebeba makombe mawili zaidi ya klabu bingwa ya Ulaya, la 2022 na la 2024. Aliyedai miaka miwili kwa mkupuo aliambulia patupu. Aliyechukua mmoja mmoja alikusanya minne.

Sasa kuna jambo ambalo msomaji asiyefuatilia kandanda atauliza: iweje mali ya thamani kubwa namna hii iondoke bure? Jibu lilitolewa Desemba 15, 1995, na Mahakama ya Ulaya iliyoko Luxembourg. Mchezaji wa Ubelgiji, Jean-Marc Bosman, alikuwa amemaliza mkataba na klabu ya Liege mwaka 1990 akataka kwenda Dunkerque ya Ufaransa, lakini klabu yake ikamzuia mpaka ilipwe. Mahakama ikasema mkataba ukiisha umeisha, klabu haina haki ya kudai ada. Tangu hapo mchezaji akibakiza miezi sita anaweza kuzungumza na kusaini na klabu nyingine.

Wafanyabiashara wa mjini wanaielewa hali hii kwa jina jingine. Mwenye kupanga duka mahali pazuri, akiwa na miaka mitano mbele kwenye mkataba wa pango, anaweza kumwachia mwenzake na kupokea kilemba kikubwa. Akibakiza mwaka, kilemba kinanywea. Akibakiza mwezi, hakuna mjinga wa kumlipa, kwani mnunuzi atasubiri mwezi uishe na kwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Ada ya uhamisho wa mchezaji ni kilemba cha aina hiyo. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: kwenye kandanda mwenye nyumba ni mchezaji mwenyewe. Fedha ambayo klabu ya zamani imeikosa haipotei hewani. Sehemu yake huingia kwenye mshahara mnono na bahashishi ya kusaini, na wakala wake naye hapitwi. Kwa hiyo neno "bure" linaloandikwa magazetini lisimdanganye mtu.

Tottenham Hotspur ya London ilijifunza hayo kwa uchungu mapema kuliko wengine. Hisa za klabu hiyo zilikuwa zikiuzwa katika soko la London tangu 1983, ikiwa klabu ya kwanza ya kandanda kufanya hivyo. Mwaka 2001 nahodha wake, beki Sol Campbell, akiwa na miaka 26, aliacha mkataba uishe na kuhamia kwa mahasimu wao Arsenal bila ada. Miezi michache tu kabla ya hapo, Leeds walikuwa wamemnunua beki mwingine wa Uingereza, Rio Ferdinand, kwa pauni milioni 18. Hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya soko kwa beki wa daraja lile. Mwenye hisa wa Tottenham angeweza kufanya hesabu ya alichopoteza bila msaada wa mtaalamu. Campbell, tofauti na Ramos, alisubiri akiwa kijana. Muda ulikuwa unamfanyia kazi yeye. Kwa Ramos muda ulikuwa unafanya kazi upande wa klabu, kwa kuwa kila mwezi uliopita ulimwongezea umri na haukumwongezea mnunuzi.

Kinachovutia zaidi ni jinsi Madrid walivyocheza na kalenda kwa mabeki watatu katika majira hayo hayo ya 2021. Ramos walimwacha aende. Nafasi yake walimleta David Alaba, miaka 28, ambaye mkataba wake na Bayern Munich ulikuwa unaisha. Bayern walikuwa wamechoka kumbembeleza, wakaondoa ofa yao mezani Novemba 2020 na kuitangaza habari hiyo hadharani, Alaba mwenyewe akasema ameisikia kupitia vyombo vya habari. Madrid wakampa mkataba wa miaka mitano bila kuilipa Bayern chochote. Wa tatu ni Raphael Varane, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja. Huyo walimuuza kwa Manchester United kwa Euro milioni 40 hivi, kabla kilemba hakijanywea. United ni kampuni yenye hisa katika soko la New York, na wanahisa wake ndio waliobeba gharama hiyo. Varane aliondoka mwaka 2024 mkataba wake ulipoisha, bila ada, na miezi michache baadaye maumivu yakamlazimisha kustaafu.

Isidhaniwe kwamba Madrid hawakukosea mahali. Alaba aliumia goti vibaya Desemba 2023 na akakaa nje zaidi ya mwaka mzima huku mshahara wake ukilipwa kama kawaida. Hiyo ndiyo hatari ya mkataba mrefu, na ndiyo iliyowafanya wamwogope Ramos.

Ama kuhusu namna ya kutoa bei, hapo klabu haistahili sifa. Ikiwa maelezo ya Ramos ni ya kweli, basi aliyemtumikia mwajiri wake miaka 16 alipewa ofa yenye tarehe iliyofichwa. Katika biashara yoyote ya kiungwana muuzaji anayesema bei hii ni mpaka Ijumaa huitaja hiyo Ijumaa. Asipoitaja hajafanya ujanja, amemvizia mwenzake. Madrid hawakuhitaji hila hiyo, kwa kuwa hoja zao za umri na fedha zilitosha kabisa. Bayern nao, kwa kutangaza kwanza na kumweleza Alaba baadaye, walifanya jambo la kufanana na hilo. Klabu kubwa zinapenda kuzungumzia familia mpaka siku ya kuandika namba.

Lakini hata Ramos alikuwa na wa kumuuliza. Mtu mwenye mshahara wa kiwango kile na washauri wa kumzunguka hushindwaje kuuliza swali dogo kabisa, kwamba ofa hii inakwisha lini? Mchuuzi wa dagaa wa kawaida huuliza.

Soko lilitoa uamuzi wake Julai 8, 2021, Paris Saint-Germain walipomsaini kwa miaka miwili, ile ile aliyonyimwa Madrid. Kwa hiyo hakuwa amekosea kwamba kuna wa kumlipa. Hata hivyo, alifika na maumivu ya mguu, akavaa jezi katika mechi ya kwanza Novemba 28, na msimu wote wa kwanza akacheza mechi 13. Msimu wa pili alicheza mara nyingi zaidi, kisha akarudi Sevilla. Real Madrid nao, kwa mwaka ule wa kwanza bila yeye, walitwaa ubingwa wa Hispania na wa Ulaya, huku Alaba na Eder Militao wakilinda pale kati.

Mwenye mtaji mdogo hawezi kununua hisa za Real Madrid hata akitaka, kwa kuwa klabu hiyo ni mali ya wanachama wake. Anaweza kununua za Juventus, za Borussia Dortmund au za Manchester United. Akifungua vitabu vyao atakuta wachezaji wameandikwa kama mali, na gharama ya kila mmoja imegawanywa kwa miaka ya mkataba wake, ikipungua kila mwaka mpaka sifuri. Waliokuzwa na klabu yenyewe hawana gharama ya ununuzi ya kuandikwa, ingawa wanaweza kuwa ndio wenye bei kuliko wote sokoni. Kwa sababu hiyo jedwali la mali halisemi mengi. Orodha ya tarehe za kuisha kwa mikataba ndiyo ya kutafutwa kwanza. Klabu yenye wachezaji watatu wazuri waliobakiza mwaka mmoja mmoja ni ghala lenye bidhaa nzuri na paa linalovuja.

Liverpool walilijua hilo mwaka 2025 kwa beki wao wa kulia, Trent Alexander-Arnold, mtoto wa klabu tangu utotoni, aliyeacha mkataba uishe akiwa na miaka 26. Mnunuzi alikuwa Real Madrid tena. Mkataba ulikuwa unaisha Juni 30 na Madrid wangeweza kumpata bure kwa kusubiri tu. Lakini mashindano ya klabu bingwa za dunia yalikuwa yanaanza Marekani Juni 14, nao walimtaka awepo. Klabu ile iliyokataa kumwongezea Ramos mwaka wa pili ikailipa Liverpool fedha ambazo magazeti ya Uingereza yalizikadiria kuwa karibu pauni milioni 10, kwa mwezi mmoja uliobaki.