Mtoto Ajue Jina la Jumla na Jina la Pekee

Mtoto wa miaka minne akipotea katika soko la Konyo Konyo, askari atakayemwona atamwuliza: Wewe ni nani? Baba yako ni nani? Mnakaa wapi? Mtoto akijibu, "Mimi mtoto, baba ni askari, tunakaa nyumbani," amesema kweli tupu, lakini hajamsaidia mwulizaji. Juba ina watoto wengi, askari wengi na nyumba nyingi.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya jina la jumla na jina la pekee. Jina la jumla hutaja kila kitu cha aina moja: mto, mlima, mji, daraja, askari. Jina la pekee hutaja kimoja tu na kukitenga na wenzake: Nile, Jebel Kujur, Juba, Daraja la Uhuru. Nalo huanza kwa herufi kubwa, popote liwapo katika sentensi.

Msimpe mtoto mdogo kanuni za kukariri. Mpeni maswali mawili. Mkiwa ukingoni mwa mto, mwulizeni, "Hiki ni nini?" Atajibu, "Mto." Kisha, "Mto huu unaitwaje?" Atajibu, "Nile." Swali la kwanza huzaa jina la jumla, na la pili jina la pekee. Fanyeni vivyo hivyo mkivuka daraja lililofunguliwa mwaka 2022.

Yako majina yatakayomtatiza. Kwa Kiarabu "jebel" ni mlima, na "hai" ni mtaa. Hata hivyo Jebel Kujur na Hai Malakal ni majina ya pekee, kwa sababu neno la jumla likiwa sehemu ya jina la mahali pamoja, nalo huvaa herufi kubwa. Kinyume chake, "baba" na "mama" ni majina ya jumla, kwa kuwa kila mtoto anao wake.

Familia za askari huhamishwa mara kwa mara. Kila mhamiapo mahali papya, mfundisheni mtoto upya jina la mtaa. Juma hili, kila jioni, ayataje majina manne: lake kamili, la baba, la mama na la mtaa. Aliyeanza shule ayaandike pia, kila moja na herufi yake kubwa. Akiyashika hayo, amejua sarufi, na askari atajua pa kumrudisha.