Injini Mpya Katika Lori la Zamani: Tuanze na Breki



Siku hizi penye mizani ya miwa, tangu Koru na Muhoroni mpaka Chemelil, mazungumzo ni ya injini. Mtu ana Bedford ya zamani, aina ya TJ iliyoanza kutolewa Uingereza mwaka 1958. Chesisi yake ni nzima, lakini injini ya petroli imechoka na vipuri vyake ni taabu kupatikana. Basi yeye na jirani zake wamechanga fedha za miwa, nao wataka kununua injini ya dizeli ya Isuzu iliyotolewa katika lori jingine, waiweke humo. Je, wafanya vema?

Mimi naona wafanya vema, ila kwa sharti moja: breki zishughulikiwe kabla ya injini.

Jambo lenyewe si geni. Injini ya dizeli ya Perkins P6, iliyotokea mwaka 1937, iliwekwa katika malori mengi yaliyotoka kiwandani na injini za petroli. Sababu ilikuwa ile ile ya leo: dizeli hukokota vizuri katika mwendo wa polepole, na lita moja hulipeleka lori mbali zaidi. Tena mkulima wa eka chache hawezi kununua lori jipya, na miwa iliyokatwa haingoji. Kila siku inayolala shambani hupungua uzito na sukari.

Lakini lori si injini peke yake. Breki za lori kama hilo husaidiwa na nguvu ya kuvuta hewa. Injini ya petroli huvuta hewa kupitia mlango mwembamba, na mvuto huo ndio unaomsaidia dereva kukanyaga breki. Injini ya dizeli haina mlango wa namna hiyo, kwa hiyo haina mvuto. Hapana budi iwe na pampu yake ya kuvuta hewa, na pampu hiyo iunganishwe na breki. Fundi akiisahau, au akiiacha ili kupunguza gharama, lori litakwenda vizuri sana, lakini halitasimama.

Nimeona kwa macho yangu lori la namna hiyo likishuka mteremko wa kutoka Nandi Hills, limejaa miwa. Injini ilikuwa nzuri, na fedha zote zilikuwa zimekwisha kwa hiyo injini. Dereva alipokanyaga, pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Aliliingiza lori shambani, nalo likapinduka. Utingo alivunjika mguu, naye ni kijana aliyekuwa akitegemewa na mama yake. Wenye lori walilaumiana mwezi mzima, lakini lawama haikuurudisha mguu.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, kabla hamjatoa hata shilingi moja, fanyeni hesabu ya lori zima.

Kwanza, breki na pampu yake. Jaribuni hivi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha ushikilie mguu hapo na kuwasha injini. Pedali ikishuka kidogo, msaada upo. Isiposhuka, lori lisitoke.

Pili, klachi, giaboksi na difu. Vitu hivi vilitengenezwa kwa nguvu ya injini ya kwanza. Injini yenye nguvu nyingi kupita kiasi itavunja meno ya difu penye matope ya Kano. Chagueni ya kutosha, msichague kubwa ili kuwashinda jirani.

Tatu, umeme na rejeta. Bedford ya petroli ilitumia volti 12, lakini malori mengi ya Kijapani hutumia volti 24. Mkichanganya bila fundi wa umeme, mtaunguza taa. Rejeta nayo itoshe kuipoza injini mpya.

Nne, karatasi. Ombeni stakabadhi ya muuzaji yenye namba ya injini, na mabadiliko yaarifiwe NTSA ili namba hiyo ilingane na kitabu cha gari. Injini isiyo na karatasi yaweza kuwa ya wizi, na hasara itakuwa yenu.

Baada ya hesabu hiyo, wengine wataona fedha hazitoshi mwaka huu. Basi na wangoje mavuno mengine, au wakodi lori la mwenzao. Kungoja si aibu. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na hapa kinachovunjika ni mguu wa kijana wa watu.

Katika mkutano wenu ujao, mwanachama akisimama kuisifu injini, asikilizwe kwa heshima. Kisha mmoja wenu amwulize: “Na breki, ndugu?”

Karani, Ofisi ya Kilimo