Wish imezeeka, lakini nani atatubeba sisi wote?

Wasee, mimi nitaitetea Toyota Wish hadi mwisho. Ndiyo, hiyo hiyo mnaiita gari ya wazazi. Hiyo ukiiona nje ya klabu Ijumaa usiku unajua kuna mtu amechukua funguo za buda bila ruhusa. Haina sura ya kutisha, haina sauti, hakuna msee ameiweka kwa picha ya wasifu. Na bado ndiyo gari iliyoelewa familia ya Kenya kuliko hizi zote mnazozitamani saa hii.

Kwanza mjue imeisha. Ilitoka Japani Januari 2003, ikabadilishwa sura 2009, na 2017 Toyota wakaacha kuiunda. Sasa sisi hapa, wengi wetu hatununui gari mpya, tunangoja Mjapani achoke na yake. Na sheria yetu inasema gari la mtumba lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe. Mwaka wa 2024 ulikuwa unaweza kuagiza ya 2017. Mwaka wa 2025 zikawa za 2018 kuendelea. Wish ya 2018 haikuundwa. Kwa hivyo bandari ya Mombasa imemalizana na Wish, na zile unaona barabarani ndizo hizo tu. Kila moja ikigongwa vibaya, hesabu inapungua.

Kile walifanya wale mafundi ni kigumu kuliko kinavyokaa. Upana milimita 1,695, juu ya hapo kidogo tu, yaani ikipita 1,700, Japani wanaihesabu gari kubwa. Urefu ni karibu sawa na Premio. Kimo, milimita 1,590, mtu mzima anaona juu ya paa bila kunyanyuka. Milango ni ya kawaida. Ni kama walichukua saluni wakaivuta nyuma kidogo, halafu wakapanga viti saba ndani. (Honda walikuwa wamefanya hivyo mapema na Stream, na vipimo vya Wish ya kwanza vilifanana na vya Stream hadi watu wakashangaa. Toyota hawakuona haya.)

Sasa hivi viti saba ndivyo vinanifanya niandike.

Kwetu tuko sita nyumbani. Shosho akija, saba. Kuna miaka minne binamu yangu aliishi na sisi akisoma sekondari. Mkiwa na gari ya viti vitano, kila safari inaanza na swali ambalo hakuna mtu anataka kulisema kwa sauti: nani atabaki? Na jibu halikuwi mzee. Halikuwi mathe. Anayebaki ni yule wa kuja, binamu, ama dada wa kazi, ama kijana mkubwa anaambiwa "wewe ni mwanaume, panda matatu." Panda matatu Desemba 23 kwenda Ol Kalou basi, uone nauli inavyoruka, na ukifika wenzako walishakula. Binamu yangu hakuwahi kubaki. Alikaa nyuma kabisa na magoti yakiwa karibu na kidevu, akilalamika kutoka Flyover hadi Njabini, lakini alikuwa ndani. Mnaenda ruracio, mnaenda mazishi, mnaenda siku ya wazazi shuleni, wote mnashuka kutoka gari moja. Mtu akikwambia hicho ni kitu kidogo, yeye hakuwahi kuwa wa kubaki.

Haimaanishi Wish ni malaika. Hiyo safu ya tatu ni ya watoto na watu wafupi, tusidanganyane. Mkijaa saba, buti inabeba mfuko mmoja wa viazi na maombi. Iko chini, matuta ya mtaani inayajua kwa jina. Zile za kwanza za lita 2.0 zilikuja na injini ya D-4, na mafundi wengi wakiisikia wanaanza kukuna kichwa. Za 2009 kuja juu zina gia ya CVT, na hapo ndipo watu hulia, kwa sababu mtu anaokoa elfu kadhaa kwa kuweka oili yoyote ya gia halafu anakuja kununua gia nzima. Weka ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Na wale wa kuifanya ya abiria wakaingiza watu kumi, mwingine amekaa nusu kiti na dereva, hao sitetei. Saba ni saba, na kila mmoja na mkanda wake.

Mbona ikaisha? Wajapani wenyewe walihama. Wenye watoto walitaka milango ya kuteleza na paa refu, wengine wakataka SUV. Stream ilikuwa imeenda 2014, Isis ikafuata 2017, Mazda Premacy 2018. Sisi nasi tunafuata nyuma. Msee anachukua loni ya miaka minne anunue gari iliyoinuka, viti vitano, halafu Krismasi anapigia binamu zake simu kuuliza nani ana nafasi. Gari ni nzuri, sikatai. Ninauliza tu hiyo nafasi yote imeenda wapi.

Kama ni mimi, mrithi ni Sienta. Chekeni. Najua sura yake, inakaa kama kiatu cha michezo. Lakini ni saba, milango inateleza, injini ni 1,500, kwa hivyo ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 badala ya 25 inayotozwa zinazopita hapo. Safu ya tatu inajikunja na kuingia chini ya ile ya kati, na bado inaundwa. Ila ukiagiza soma vizuri, maana tangu Septemba 2018 kuna ingine ya viti vitano, na kwa picha zinafanana kabisa. Hesabu viti kabla hujatuma pesa.

Ya kwetu ni ya 2010 na mzee anataka kuiuza. Broka mmoja ameshakuja mara mbili, anazunguka akigonga mabodi kama daktari. Kakangu anataka SUV, mathe amemuunga mkono kwa sababu ya mgongo wake, na hiyo naielewa. Mimi nimesema iuzwe tu kama inayokuja ina viti saba. Tulipiga kura Jumapili baada ya chakula, ikawa tatu kwa tatu. Shosho anakuja wiki ijayo na hajaambiwa kitu, lakini nimeshamwekea kiti.