Wosia Si wa Matajiri Peke Yao

Ndugu wafanyakazi, mjini Mbarara kuna mawakili wanaoshughulikia wosia, mirathi na mikataba ya biashara. Wengi wetu tunapita milangoni mwao tukisema hayo ni mambo ya wenye majumba na makundi ya ng'ombe. Sisi hatukubali.

Tulimzika mwenzetu, mkimbizi kutoka Kongo, mpakiaji wa mizigo kiwandani. Familia yake iko Nakivale, upande wa Juru. Yeye na rafiki yake walinunua mashine ya kusaga unga nusu kwa nusu, wala hawakuandikiana hata mstari mmoja. Matanga hayajaisha, rafiki akasema mashine yote ni yake. Ndugu wa marehemu nao wakaondoka na pikipiki. Tulimpeleka mjane kwa wakili, akauliza: karatasi ziko wapi? Mashahidi je? Hatukuwa na jibu.

Lakini lile la pikipiki lilikuwa kosa wazi. Kushika mali ya marehemu bila idhini ya sheria ni hatia. Tangu Sheria ya Mirathi iliporekebishwa mwaka 2022, pasipo wosia watoto hupata asilimia 75, mjane 20 (zamani ilikuwa 15), wategemezi wengine 4, na mrithi wa kimila 1. Nyumba ya familia haiingii katika mgawo huo.

Wosia wenyewe si kazi kubwa. Andika, tia sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi wawili, nao watie sahihi mbele yako. Usimfanye shahidi mtu unayemwachia kitu, maana atapoteza fungu lake. Ndugu wa Nakivale, shamba ulilopewa makazini ni la kulima, si la kuuza, basi usiliandike kama mali yako. Andika mashine, mbuzi, akiba, na deni unalodai. Halafu uliza habari za NSSF, ambako mwajiri hutoa asilimia 10 na wewe 5. Tangu 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja anapaswa kuchangia. Ukifa, fedha hizo ni za wategemezi wako. Hakikisha majina yao yameandikwa sawasawa.

Wapo katika kamati wanaosema fedha za chama ni za kupigania mishahara tu. Tunawauliza: mshahara tuliougombea miaka yote ulikwenda wapi siku ile ya matanga? Chama kimlipe wakili aje getini siku moja kila miezi mitatu, aandike wosia na mikataba ya wanachama. Na mkimbizi asiachwe nje. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu kuwa katika chama cha wafanyakazi, na ada anatoa kama sisi.

Mjane yule sasa analima vibarua. Mashine bado inasaga, tunaisikia kila tukipita Juru.