Tumungojee mwenzetu wa nyuma

Bandugu wachimbaji, filoni mupya ikionekana, vijana wanakimbia kushuka, wanamuacha mwenzao wa polepole. Ninajua sababu: wa kwanza ndiye anajaza mifuko. Lakini sheria inasema mita 30, na siye wote tunajua mashimo yanayopita pale. Mvua ya mwezi wa 11 ikilainisha udongo, shimo linaporomoka bila hodi. Kama hamukuhesabiana, nani juu atajua wamebaki wangapi chini?

Basi mukubaliane mbele ya kushuka: mifuko ya siku ya kwanza mugawane sawa. Hapo hakuna faida ya kukimbia. Mushuke pamoja, mupande pamoja, muhesabiane. Kule nyumbani bibi na watoto wanangojea mutu, hawangojee mufuko.