Mtoano wa Ulaya 2004: Porto waliuza bei ikiwa juu, Leeds walikula mavuno kabla ya kuvuna

Mei 2, 2004, klabu ya Leeds United ya Uingereza ilifungwa mabao 4-1 na Bolton, na matumaini yake ya kubaki Ligi Kuu yakaishia hapo. Siku 24 baadaye, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani, FC Porto ya Ureno iliifunga Monaco 3-0 na kutwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Miaka mitatu tu kabla ya hapo, mwaka 2001, Leeds ndio waliokuwa nusu fainali ya mashindano hayo hayo.

Mashabiki wengi huukumbuka msimu wa 2003/04 kwa mabao na maajabu yake. Hata hivyo, kwa mtu anayeishi kwa kutegemea mavuno au mauzo ya msimu, msimu huo una somo la namna ya kupanga fedha pale kipato kinapokuwa hakitabiriki.

Msimu huo ndio ulioanza utaratibu wa timu 32 katika makundi manane, kisha timu 16 kuingia moja kwa moja kwenye mtoano wa nyumbani na ugenini hadi fainali ya mechi moja. Awali kulikuwa na hatua mbili za makundi. Utaratibu huo mpya ulidumu hadi msimu wa 2023/24.

Kibiashara, mabadiliko hayo yalikuwa na maana kubwa. Katika makundi hayo, klabu ilikuwa na uhakika wa mechi sita, tatu zikiwa nyumbani, hivyo iliweza kukadiria mapato ya milangoni, ya televisheni na fedha za zawadi. Katika mtoano uhakika huo haupo. Anayeshinda hupata zawadi nyingine, na kabla ya fainali hupata pia mechi nyingine ya kujaza uwanja. Anayeshindwa hubaki na mishahara ile ile ya kulipa hadi mwisho wa msimu.

Tazama mechi ya marudiano kati ya Manchester United na Porto, Machi 9, 2004. Porto walikuwa wameshinda 2-1 nyumbani kwa mabao mawili ya Benni McCarthy wa Afrika Kusini. Mjini Manchester, Paul Scholes alitangulia kufunga, kisha akafunga tena bao ambalo mwamuzi alilikataa kwa madai ya kuotea, ingawa picha za marudio zilionyesha kuwa hakuwa ameotea. Dakika ya 90, Costinha akasawazisha na Porto wakapita. Kibendera kimoja na mpira mmoja uliotemwa na kipa ndivyo vilivyoamua nani aendelee kuvuna na nani afunge hesabu. Hakuna mhasibu awezaye kuandika jambo kama hilo kwenye bajeti.

Porto walilielewa hilo. Ureno ni soko dogo la televisheni, na klabu zake haziwezi kushindana kwa mishahara na zile za Uingereza, Hispania au Italia. Kwa hiyo Porto walitafuta "mbegu" za bei nafuu. Beki Ricardo Carvalho alikulia katika timu yao ya vijana. Kiungo Maniche alitoka Benfica, ambako hakuwa akihitajika tena. Derlei, Nuno Valente na hata kocha Jose Mourinho mwenyewe walitoka União Leiria, klabu ndogo ya nchini humo. Mourinho alifika Januari 2002, mwaka 2003 akatwaa Kombe la UEFA kwa kuifunga Celtic 3-2, na mwaka uliofuata likaja lile kubwa.

Jambo la msingi ni lililofanyika baada ya fainali. Porto hawakungoja bei ishuke. Carvalho alikwenda Chelsea kwa takriban euro milioni 30, Paulo Ferreira naye akaenda huko huko kwa takriban milioni 20. Deco alikwenda Barcelona kwa takriban milioni 15 taslimu, pamoja na kijana Ricardo Quaresma aliyekuja Porto kama sehemu ya malipo. Fedha hizo zilipatikana kwa kuwa muuzaji alikuwa bingwa, hakuwa na haraka, na wanunuzi walikuwa wengi.

Uuzaji huo ulikuwa na gharama. Msimu wa 2004/05 Porto walitolewa na Inter Milan katika hatua ya timu 16 na wakapoteza ubingwa wa Ureno kwa Benfica. Lakini klabu ilibaki imesimama, na kuanzia 2006 hadi 2009 ilitwaa ubingwa wa nchi hiyo mara nne mfululizo.

Leeds walifanya kinyume. Baada ya kufika nusu fainali mwaka 2001, viongozi wake waliamini kwamba kushiriki Ligi ya Mabingwa kungekuwa jambo la kila mwaka. Walikopa pauni milioni 60 za kulipwa kwa miaka 25, dhamana ikiwa mauzo ya tiketi za miaka ijayo. Mishahara ikapanda kwa kutegemea fedha ambazo zilikuwa hazijapatikana. Wahenga walionya: usikate mbeleko mtoto hajazaliwa. Mwaka 2001 Leeds walikosa nafasi ya kurudi kwenye mashindano hayo kwa pointi moja, na mwaka 2002 wakamaliza wa tano na kukosa tena.

Kufikia mwaka 2003 deni lilikaribia pauni milioni 80. Mauzo ya lazima yalikuwa yameshaanza. Rio Ferdinand alikuwa ameuzwa Manchester United mwaka 2002 kwa faida, lakini Robbie Keane, aliyenunuliwa kwa pauni milioni 12, aliuzwa kwa milioni 7 tu. Mnunuzi akishajua kuwa muuzaji anadaiwa, hana sababu ya kupandisha bei. Baada ya kushuka daraja hata uwanja wao uliuzwa. Walirudi Ligi Kuu mwaka 2020, miaka 16 baadaye.

Katikati ya hao wawili walikuwepo Monaco. Mwaka 2003, chombo kinachokagua hesabu za klabu za Ufaransa kiliamuru washushwe daraja kwa sababu ya madeni, na walinusurika kwa rufaa baada ya kupata fedha mpya. Wakiwa hawana uwezo wa kununua, waliazima. Real Madrid waliwapa mshambuliaji Fernando Morientes kwa mkopo, huku wakiendelea kulipa sehemu ya mshahara wake. Robo fainali ikawakutanisha. Real walishinda 4-2 nyumbani, Monaco wakashinda 3-1 kwao na kupita kwa mabao ya ugenini, kanuni ambayo UEFA iliifuta mwaka 2021. Morientes alifunga katika mechi zote mbili, na akamaliza akiwa mfungaji bora wa mashindano kwa mabao tisa.

Lakini shamba la kukodi lina mwenyewe. Msimu ulipokwisha Morientes alirudi Madrid, na Monaco hawakuwa na cha kuuza kwa jina lake.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, hesabu ya Leeds si ngeni. Mkoani Kagera, mkulima anayeuza kahawa yake ikiwa bado maua kwa mtindo wa butura hufanya jambo linalofanana nayo: hutumia leo fedha za mavuno ambayo mvua, wadudu na bei bado havijayaamua. Anayekopa pembejeo na kutakiwa kulipa wiki ile ile ya mavuno naye hulazimika kuuza mahindi wakati kila mtu anauza, na bei iko chini.

Mikopo yenyewe si ubaya. Monaco wasingefika Gelsenkirchen bila kuazima. Swali la kujiuliza kabla ya kutia saini ni hili: msimu ukiharibika, deni litalipwa na nini? Gharama za lazima, yaani ada za shule, kodi ya pango na marejesho ya mkopo, zipangwe kwa kipato chenye uhakika, kama vile maziwa ya kila siku au mauzo ya kawaida ya duka. Fedha za msimu mzuri ziende kwenye akiba, mbegu na vifaa.

Porto nao walionja matokeo ya kulegea. Mwaka 2017 iliwabidi waingie makubaliano na UEFA, baada ya matumizi yao kuzidi mapato kuliko kanuni zilivyoruhusu. Mali bila daftari hupotea bila habari, hata kwa aliyewahi kuwa bingwa wa Ulaya.